Hela Unayotuma Nyumbani: Inajenga Nini, Inabomoa Nini?

Mmoja wetu katika timu hii alifanya kazi za ndani Muscat kwa miaka sita. Kila mwezi alituma hela kwa mjomba wake, kidogo kidogo, mpaka kikapatikana kiwanja, ukapandishwa msingi, boma likasimama, likaezekwa. Kiwanja kilikuwa cha bei nzuri kweli. Mjomba alisema, "Mwanangu, bahati hii haiji mara mbili, nusu ya bei ya jirani." Picha zikatumwa kwenye simu, nyumba inapendeza, nyuma yake kuna majani mabichi na kijito kidogo.

Masika ya pili tangu bati lipigwe, kijito kile kikawa mto. Maji yaliingia mpaka usawa wa madirisha. Baada ya mvua wakaja watu wa serikali na rangi nyekundu, wakachora X ukutani. Nyumba ilikuwa ndani ya bonde, mahali ambapo sheria hairuhusu mtu kujenga. Fidia hakuna. Miaka sita ya kufua, kupika na kulea watoto wa watu ilikwenda na maji. Mjomba hakuwa mwizi, naye alidanganywa kama yeye.

Tumeanza na habari hii kwa sababu tukisikia neno "mazingira", wengi wetu tunadhani ni mambo ya semina, ya wazungu na wanyama wa mbugani. Tunasema sisi tunahangaika na karo na kodi ya nyumba, mazingira baadaye. Kumbe hela na mazingira ni ndugu wa tumbo moja. Hela ikienda mahali pabaya, mto unajaa mchanga, msitu unaisha, bonde linazibwa, na mwisho hasara inarudi kwa yule yule aliyetuma hela. Leo tueleze jinsi hela ya serikali, hela ya benki na hela yako wewe zinavyogusa ardhi, maji na miti ya nyumbani, na ufanye nini ili jasho lako lisipotee.

Hela inagusa mazingira kwa milango mitatu

Mlango wa kwanza ni hela ya umma: kodi, pamoja na mikopo ambayo serikali inachukua kwa jina letu. Hela hii ndiyo inayojenga barabara, mabwawa na madaraja. Inaweza kulinda chanzo cha maji, na inaweza kukiua.

Mlango wa pili ni hela binafsi kubwa: benki, mifuko ya pensheni, makampuni na wawekezaji. Wao wanaamua mradi gani upate mkopo na upi ukose.

Mlango wa tatu ni hela ndogo ndogo za watu kama sisi. Usiidharau. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Fedha hiyo inazidi ile nchi inayopata kwa kuuza chai nje. Sehemu yake kubwa inakula, inasomesha na kutibu, lakini sehemu nyingine inageuka kuwa kiwanja, tofali, mbao, kokoto na mchanga. Mtu mmoja anayejenga vyumba vitatu hawezi kumaliza mto. Watu elfu wakijenga kwa mchanga wa mto ule ule, wanaumaliza.

Tuitazame milango hii mmoja mmoja, kwa mifano ya kweli.

Hela ya umma: somo la bonde la Msimbazi

Aliyewahi kuishi Dar es Salaam anaijua Jangwani. Mto Msimbazi unapita katikati ya jiji kuelekea baharini, na bonde lake ni kama sufuria: maji ya mvua kutoka vilimani yanashukia humo kabla ya kuingia bahari ya Hindi. Kazi ya bonde ni hiyo, kupokea maji na kuyatuliza. Watu wakalijaza nyumba, kwa kuwa viwanja vya huko vilikuwa rahisi na karibu na mjini. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na serikali ikawahamishia baadhi ya wakazi Mabwepande.

Lakini si wananchi peke yao waliokosea. Hela ya umma nayo ilijenga bondeni. Depo ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa hapo hapo Jangwani, na mvua kubwa zilipokuja, maji yaliingia, barabara ikafungwa, mabasi yakasimama. Yaani serikali ilikopa ikajenga, halafu ikatakiwa kutumia hela nyingine kurekebisha. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, na Hispania na Uholanzi nazo zikaingia kusaidia. Ndani ya mradi kuna daraja jipya la Jangwani, kuhamisha depo, na kuligeuza bonde kuwa eneo la wazi la kupokea maji.

Unaona hesabu ilivyo? Kuliacha bonde wazi tangu mwanzo kusingegharimu kitu. Kulirudisha kunagharimu mamia ya mamilioni ya dola, na mkopo ule utalipwa kwa kodi, yako na ya watoto wako. Mazingira yakiharibiwa deni halifutiki. Linabadilisha jina tu, kisha linamsubiri mtu wa kulilipa.

Kenya hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2018 Nairobi ilibomoa majengo makubwa ya biashara yaliyokuwa yamejengwa juu ya mikondo ya mito, majengo ambayo wenyewe walikuwa na karatasi mkononi. Mwaka 2024 mafuriko yalipoua watu wengi, serikali iliamuru wakazi wa kando ya mito waondoke, na tingatinga likapita Mathare. Tajiri alibomolewa na maskini akabomolewa, ila tajiri alikuwa na nyumba nyingine.

Hela ya benki: mkopo ukikataliwa, moshi hautoki

Mfano wa pili uko Lamu. Palikuwa na mpango wa kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, karibu na mji wa kale ambao UNESCO imeuweka kwenye urithi wa dunia. Wavuvi na wakazi walipinga: waliogopa moshi, majivu na maji ya moto yatakayomwagwa baharini. Walikwenda mbele ya baraza la kitaifa la rufaa za mazingira, na Juni 2019 baraza likafuta leseni ya mradi, likasema wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Mwaka huo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitautia hela mradi ule.

Mambo mawili yalikutana hapo. La kwanza, watu walisimama wakatumia sheria. La pili, hela ilijiondoa. Mradi wa mabilioni haujengwi kwa akiba ya mtu mfukoni, unajengwa kwa mkopo, na mkopeshaji akiona hatari ya kesi na ya kuaibika, anafunga mkoba. Ndiyo maana tunasema mwenye hela ana kura hata kama hajapiga kura.

Hela pia inaweza kuvutwa iende upande mzuri. Ushelisheli, visiwa jirani zetu, walikuwa na deni kubwa la nje. Walifanya mpango deni la dola milioni 21.6 lipunguzwe na kupangwa upya, na wao wakaahidi kulinda asilimia 30 ya eneo lao la bahari. Ahadi ilitimia mwaka 2020. Mwaka 2018 walikuwa wa kwanza duniani kutoa hatifungani ya bluu, wakakusanya dola milioni 15 kwa ajili ya uvuvi endelevu na ulinzi wa bahari. Hatifungani, ambayo wengine wanaiita bondi, ni mkopo tu: wewe unamkopesha serikali au kampuni, yeye anakulipa riba kila kipindi, na mwisho anakurudishia mtaji wako.

Tanga: mwananchi anapoikopesha mamlaka ya maji

Hapa sasa tunafika mahali ambapo mtu mwenye akiba ya kawaida anaweza kuingia. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya kijani. Ilitaka shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji walileta zaidi ya kilichoombwa, na baadaye hatifungani ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Neno "kijani" maana yake ni kwamba hela imefungwa kwenye kazi inayosaidia mazingira, hapa ikiwa ni kuboresha na kupanua huduma ya maji, na mtoaji anatakiwa kutoa taarifa ya matumizi.

Kwa nini maji ya Tanga ni jambo la mazingira? Kwa sababu maji yale yanatoka mto Zigi, unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, pande za Amani, hadi bwawa la Mabayani. Msitu ukikatwa huko juu, mvua inasomba udongo, udongo unaingia bwawani, kina cha bwawa kinapungua na gharama ya kusafisha maji inapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu waliwahi kuvamia huko juu, eneo la Sakale, na mto ukachafuka. Mamlaka ikajifunza kwamba kumlinda mkulima wa mlimani ni sawa na kulinda bomba la mjini. Imekuwa ikifanya kazi na umoja wa wakulima wa bonde la Zigi ili walime bila kugusa kingo za mto. Mkulima anapata sababu ya kuacha miti, na mtu wa mjini anapata maji.

Tupige hesabu kidogo. Chukulia umeweka shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 13.5. Kwa mwaka unapata 135,000 kabla ya kodi na makato. Ikilipwa mara mbili kwa mwaka, kila mara unapata 67,500. Huwi tajiri kwa hela hiyo, lakini ada ya mtoto ya muhula inapata pa kushikilia, na mtaji wako upo.

Sasa tahadhari, usiseme hatukukwambia:

- Toleo lile limeshafungwa. Anayetaka leo ananunua kwa mtu anayeuza, sokoni, kupitia dalali wa hisa mwenye leseni. Bei inaweza kuwa juu au chini ya ile ya mwanzo.
- Miaka 10 ni mingi. Hela ya dharura, ya matibabu au ya nauli ya kurudi ukifukuzwa kazi, usiiweke huko.
- Riyali ya Oman imefungwa kwenye dola, na dirhamu ya Imarati vile vile. Shilingi inapanda na kushuka. Kama hela utaitumia nyumbani, haikusumbui sana. Kama unategemea kuigeuza tena kuwa dola, riba yako inaweza kuliwa na mabadiliko ya sarafu.
- Uliza kodi na makato kabla, si baada. Dalali akisita kukuandikia makato yake, tafuta mwingine.
- Hatifungani ya kawaida ya serikali nayo ni akiba nzuri, lakini hela yake inaingia kwenye kapu kuu la bajeti. Huwezi kujua imejenga zahanati au imepasua barabara msituni. Ukitaka kujua hela yako imefanya nini, soma waraka wa toleo, sehemu ya matumizi ya fedha.

Mikoko ya Gazi na hela ya hewa ukaa

Siku hizi kila mtu anasikia "biashara ya kaboni" na matapeli wameshaidandia. Tueleze ya kweli kwanza, ndipo uweze kuijua ya uongo.

Kusini mwa pwani ya Kenya, kaunti ya Kwale, kuna ghuba ya Gazi. Miaka ya 1970 mikoko ya huko ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwanda. Palipokuwa na mikoko pakawa uwanda wa matope, na samaki wakapungua, maana mikoko ndiyo kitalu cha samaki wachanga na kamba. Watafiti wa bahari wa Kenya wakashirikiana na wanakijiji kupanda upya. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza kuuza hewa ukaa kupitia mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117. Mikoko hunyonya hewa ukaa na kuificha kwenye matope kwa muda mrefu. Tani zinapimwa, karibu 3,000 kwa mwaka, watu wa nje wanakagua, na wanunuzi wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao wanalipa. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa.

Hela inayopatikana si milima. Ni maelfu ya dola kwa mwaka, na kijiji kinakaa mkutano kuamua ifanye nini: maji ya bomba, vitabu vya shule, vifaa vya hospitali. Lakini faida yenyewe haiko kwenye hundi peke yake. Mikoko ikisimama, mawimbi hayamegi ufukwe na samaki wanarudi. Hayo hayaonekani kwenye risiti.

Shika mambo matatu kutoka Gazi: msitu ni wa jamii na unaonekana kwa macho, hela inalipwa *kwa* wanaolinda, tena kuna mpimaji wa nje. Basi akija mtu kwenye kundi la simu akasema, "Dada, tuma riyali 200 uwe na hisa za kaboni, baada ya miezi mitatu unapata mara mbili," ujue hiyo ni upatu wa kawaida uliovishwa majani. Hewa ukaa haizai kwa miezi mitatu. Mti haukui kwa kasi ya ahadi ya tapeli.

Shamba la miti: akiba nzuri, mitego mingi

Wasomaji wengi mnatuuliza kuhusu kununua shamba la miti Nyanda za Juu Kusini, pande za Mufindi, Njombe na Makete. Ni jambo la kweli na watu wengi wa mjini wamepanda mipaini na mikaratusi huko. Mti ni akiba isiyoombwa na shemeji. Lakini sikiliza.

Kwanza, moto. Jirani akichoma shamba lake bila kuangalia upepo, miaka minane yako inateketea kwa mchana mmoja. Uliza kama barabara za kuzuia moto zimesafishwa, na ni nani yuko kijijini wakati wa kiangazi.

Pili, haraka. Mtu anabanwa na shida, anauza miti ikiwa bado myembamba. Wengi wakiuza wakati mmoja, bei inaanguka. Kama huwezi kungoja, usipande.

Tatu, maji. Mkaratusi unakunywa maji mengi. Ukiupanda kwenye chemchemi au kando ya mto, unaikausha jamii iliyokuuzia shamba. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Ukipewa shamba "linalopakana na mto, maji ya bure", toa mita 60 kwenye hesabu yako kabla hujakubali bei. Kinachobaki ndicho unachonunua.

Hela yako ya ujenzi: pale unapoamua mwenyewe

Wewe unayepanda jukwaa Doha au Riyadh unajua ujenzi kuliko sisi. Unajua zege lililochanganywa vibaya linavyopasuka. Lakini mara nyingi nyumba yako mwenyewe inajengwa na mtu mwingine, na unaiona kwenye picha tu. Haya ndiyo ya kumwambia msimamizi wako.

*Kiwanja.* Kabla ya kutuma hata shilingi, omba namba ya kiwanja na umtume mtu asiye na maslahi kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri, aangalie ramani ya mipango miji: eneo ni la makazi, au ni bonde, hifadhi ya barabara, chanzo cha maji? Barua ya mwenyekiti wa mtaa peke yake haitoshi. Kenya, ukanda wa mto unaanzia mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na mto. Halafu fanya jambo moja rahisi: mwombe mtu akapige video siku ya mvua kubwa. Waulize wazee wa hapo maji ya masika yanapita wapi. Mzee aliyezaliwa mtaani anajua njia ya maji, na dalali anayetaka udalali wake hatakwambia.

*Tofali.* Vijijini tofali za kuchoma ni za bei rahisi kwa sababu kuni hazihesabiwi. Tanuri moja linameza miti mingi, na ni miti ile ile inayovuta mvua ya shamba la mama yako. Kama udongo wa kwenu unafaa, ulizia tofali za kufungamana. Zinashindiliwa kwa mashine kwa udongo na saruji kidogo, zinamwagiliwa maji zikauke, hazichomwi. Zinapangwa bila udongo mwingi wa kujengea katikati, hivyo unaokoa saruji na siku za fundi. Wakala wa utafiti wa nyumba wa Tanzania ameziendeleza miaka mingi. Bei ya tofali moja inaweza kukutisha, kwa hiyo usilinganishe tofali kwa tofali. Linganisha ukuta kwa ukuta, pamoja na saruji, mchanga na siku za kazi.

*Mchanga na kokoto.* Mchanga unaochotwa usiku mtoni unakuja kwa bei ya chini, lakini kingo zinabomoka, daraja linaanza kuning'inia, na kisima cha jirani kinakauka. Unguja mchanga umekuwa mchache mpaka serikali ikausimamia kwa vibali. Mwambie msimamizi anunue penye kibali na alete risiti. Risiti hiyo inakulinda na wewe pia, maana anayechota kwa siri ndiye anayekuandikia tripu kumi akaleta saba.

*Boriti.* Pwani tulizoea boriti za mikoko, na ni imara kweli. Lakini kila boriti ni ukuta mmoja uliotolewa mbele ya bahari. Kwa nyumba mpya kuna nondo na zege, na kuna mbao za mashambani.

*Maji ya paa.* Ukishapiga bati umeshanunua nusu ya kisima. Ongeza mifereji na tangi. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kununua maji ya madumu mwaka mzima, na inapunguza maji yanayokata udongo uwanjani.

*Jiko la mama.* Hela ya mkaa ya kila mwezi unaituma bila kuihesabu. Ihesabu. Chukua miezi sita ya mkaa, linganisha na mtungi wa gesi na jiko lake, au jiko la umeme la presha kama umeme upo. Ugumu uko kwenye mtungi wa kwanza, baada ya hapo ni kujaza. Tanzania imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, ikilenga asilimia 80 ya wananchi waache kuni na mkaa. Serikali inaweza kuandika mkakati, lakini mtungi wa jikoni kwa mama yako utanunuliwa na wewe. Na kifua cha mama kitakushukuru kabla ya msitu.

Maswali matano kabla ya kubonyeza "tuma"

Yaandike, yabandike karibu na kitanda:

1. Hela hii inanunua nini hasa, na nani ataniletea risiti?
2. Maji ya mvua yanapita wapi hapo?
3. Kitu hiki ni rahisi kwa sababu kuna ujuzi, au kwa sababu kuna gharama iliyofichwa ambayo mto, msitu au jirani anailipa?
4. Kikiharibika, nani atalipa? Mimi, kijiji, au serikali kwa kodi yangu?
5. Ahadi hii ya faida inaendana na kasi ya kitu chenyewe? Mti una miaka yake, na bwawa lina masika yake.

Swali la tatu ndilo kubwa. Karibu kila hasara tunayoletewa na wasomaji ina kitu cha bei nusu ndani yake: kiwanja nusu bei, mchanga nusu bei, faida mara mbili. Ile nusu nyingine haikupotea. Ilikuwa imekaa mahali inasubiri mvua inyeshe.

Yule mwenzetu tuliyeanza naye hakukata tamaa. Alirudi kazini miaka mitatu zaidi. Safari hii alimtuma binamu yake ofisi ya ardhi kwanza, akakaa miezi minne bila kutuma hela ya kiwanja huku mjomba akimlaumu kwamba amekuwa mgumu. Alinunua kidogo, juu kwenye kichuguu, mbali na stendi. Hakuna kijito kinachopendeza kwenye picha. Masika iliyopita alipigiwa simu usiku na binamu, akaipokea moyo ukimwenda mbio. Binamu alitaka tu kumwambia tangi limejaa, maji yanamwagika, anunue la pili?

Tukamshauri anunue.